Nani Alimshika Yule Sungura?

"Mwache huyo sungura."

Nehemiah Mokua alijifanya hakusikia. Alikuwa amemlaza sungura mweupe chali juu ya meza ya maabara, tumbo wazi, miguu hewani, na darasa zima la watafiti limemzunguka.

"Mnaona?" aliwaambia wenzake. "Ametulia. Ukimweka hivi unafanya kazi yako yote na hata hajui."

"Daktari Mokua, nimesema mwache."

"Ametulia, mwalimu. Kwani huoni?"

"Hajatulia. Ameganda kwa hofu. Sungura akilazwa chali anaona kama ameshakamatwa na mbwa, kwa hivyo anajifanya amekufa. Weka kidole hapo kifuani usikie moyo unavyokimbia."

Nehemiah hakuweka kidole. Wawili watatu waliokuwa nyuma walicheka chinichini, naye akamgeuza sungura kwa hasira kama mtu anayegeuza chapati.

Aliyekuwa akimkaripia ni Joyline Bonareri, daktari wa mifugo, mzaliwa wa Nyacheki, msichana mwenye sauti ndogo na maneno makubwa. Kituo kile cha utafiti mjini Kisii kilikuwa kimemwita awafundishe watafiti wake jinsi ya kuwatunza na kuwashika wanyama wa maabara bila kuwatesa. Ambaye hakupata cheti chake hakuruhusiwa kugusa hata panya. Na huyu mwanafunzi mkaidi, Mungu amsaidie, alikuwa mpenzi wake, mwaka wa tatu sasa. Wenyewe walidhani darasa halijui.

"Tuendelee," Joyline alisema. "Kwanza jiulize kama unaweza kupata jibu lako bila mnyama. Ukishindwa, tumia wachache iwezekanavyo. Na hao wachache uwapunguzie maumivu na hofu, kwa sababu mnyama mwenye hofu hata damu yake inabadilika, na majibu atakayokupa ni ya uongo. Mnakumbuka kilichonileta hapa. Sungura alivunjika mgongo mikononi mwa mwanafunzi mzembe, akaachwa kizimbani akateseka mpaka asubuhi."

"Sheila huyo," mtu mmoja alisema.

"Sitaji majina."

"Alishafukuzwa kwa utafiti wangu," Nehemiah aliongeza. "Hiyo maneno ilikwisha."

Ikafika zamu ya mtihani wa vitendo. Kila mmoja alitakiwa amtoe sungura kizimbani, ambebe hadi mezani, kisha amrudishe. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili umebeba makalio, kichwa kimejificha chini ya kiwiko. Wenzake walifaulu, wengine kwa kutetemeka. Nehemiah alimkamata wake kwa ngozi ya shingo, akamnyanyua kwa mkono mmoja, miguu ya nyuma inaning'inia.

Joyline alimpokea yule sungura upesi kabla hajapiga teke.

"Umeanguka," alisema.

"Umesema nini?"

"Umeanguka mtihani, Daktari Mokua. Anayefuata."

Darasa lilipotoka, Nehemiah alimfuata hadi stoo ya chakula cha wanyama, akaufunga mlango kwa mgongo wake.

"Joy, uko na akili kweli? Unaniaibisha mbele ya watoto wale?"

"Hapa kazini mimi si Joy."

"Bila hicho cheti utafiti wangu unasimama. Dawa ya vidonda inasimama. Unajua ni watu wangapi huko vijijini wanaoza miguu wakingoja hiyo dawa? Na wewe unalilia sungura. Kwetu sungura ni kitoweo."

"Basi mle. Mchinje haraka umle. Usimvunje mgongo halafu umwache hapo."

"Usinihubirie. Yule wa siku ile alipiga teke mara moja tu. Moja, na mgongo ukalia kama kijiti. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Joyline alikuwa akifunga mdomo wa gunia. Mikono yake ilisimama.

"Uliusikia mgongo ukilia?"

"Niliambiwa."

"Uliniambia siku hiyo ulikuwa Nyamira. Ukasema ulirudi asubuhi ukamkuta sungura ameshavunjika."

"Ndiyo, nikaambiwa vile ilikuwa. Wacha upolisi."

"Nani alikuambia mgongo ulilia kama kijiti?"

Huyu ni mwanaume ambaye hajawahi kukosa maneno. Mara ya kwanza alimkuta Joyline akishuka mlima wa Nyanchwa baada ya ibada ya Sabato, akamtania njia nzima mpaka msichana akasahau kwamba amevaa viatu vya kubana. Leo alisimama kati ya magunia anaangalia sakafu.

"Nisaidie tu," alisema mwishowe, kwa ile sauti yake ya upole, akamshika bega. "Nipe cheti. Hayo mengine tutaongea nyumbani."

"Toa mkono."

Jioni hiyo Joyline alipompigia simu, Sheila alikuwa Keumbu, akimsaidia mama yake kuuza ndizi kando ya barabara. Alishika simu katikati ya kelele za wachuuzi.

"Sheila, ni Joyline, yule daktari wa mafunzo."

"Yule ananifanya mfano darasani? Nimeshaambiwa. Sema haraka, niko na wateja."

"Nani alimshika yule sungura?"

Alisikika akimrudishia mteja chenji.

"Sheila."

"Daktari, wewe ni mtu wake. Kila mtu huko maabara anajua, mnafikiri mmejificha. Nikikuambia si utampelekea?"

"Niambie. Sitampelekea."

"Ni yeye. Mimi nilikuwa nimeshika sindano. Aliniambia niseme ni mimi, eti mwanafunzi husamehewa lakini yeye atapoteza kila kitu. Akasema nikinyamaza, muhula ujao ananirudisha. Muhula gani huo? Simu zangu hashiki. Halafu wewe ukasimama mbele ya watu ukaniita mzembe."

"Nisamehe, Sheila."

"Hiyo samahani nitamuuzia nani hapa?"

Simu ikakatwa. Joyline alikaa kitandani katika chumba chake cha kupanga Nyanchwa, akalia, na hakulia kwa ajili ya Sheila. Alilia kwa sababu alimpenda yule mwanaume, na hata baada ya kusikia yote hayo bado alimpenda. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna haja ya kumpamba.

Kesho yake alienda kwa Profesa Momanyi, mwenyekiti wa kamati ya maadili ya kituo. Alimwambia ya Sheila na ya ule mgongo uliolia. Kisha akaongeza:

"Kuna jambo lingine, Profesa. Mimi na Daktari Mokua tunapendana. Kama hilo linaharibu mtihani, ni heri mjue mapema."

Profesa alivua miwani.

"Wazee wa kwenu wanamjua? Ameshafika kwenu na watu wake?"

"Hapana. Nimemwambia aje, kila mara anasema bado."

"Basi huyo si mchumba. Kanuni yetu inasema usimtahini ndugu, mume, mke wala mchumba. Na mchumba ni mtu ambaye wazee wamemtambua. Hao wengine wa kununuliana soda, kamati haina habari nao. Ungekuwa umetambulishwa ningefuta yote uliyosema, mazuri na mabaya. Kwa sasa neno lako linasimama. Tutawaita wote Jumatatu."

Pengine profesa mwingine mahali pengine angeamua vingine. Huyu alikuwa Mgusii, na kichwani mwake uchumba ulianzia sebuleni kwa baba wa msichana, si kabla.

Ujumbe wa Nehemiah uliingia Ijumaa, Joyline akipika haraka kabla Sabato haijaingia.

"Joy wangu. Nimekukosea sana kukuchelewesha. Nimeongea na baba na amekubali. Jumapili nakuja Nyacheki na wazee wangu. Usiniangushe."

Moyo wake uliruka. Miaka yote hiyo alikuwa ameomba jambo moja tu, huyu mtu afike kwao, na sasa anakuja. Aliusoma tena akitabasamu peke yake, kijiko mkononi. Kisha tabasamu likaisha. Jumapili. Na baada ya Jumapili ni Jumatatu. Akampigia baba yake.

"Tata, umekubalije wageni bila kuniuliza?"

"Nimekubali nini?" Mzee Onyiego aliuliza. Alikuwa ametoka kupeleka majani ya chai na bado alikuwa anahema.

"Wageni wa Jumapili. Nehemiah anasema ameongea na wewe."

"Mimi? Huyo mtu sijawahi hata kusikia sauti yake."

"Ameandika hapa, nimeongea na baba."

Mzee aliguna.

"Baba gani? Baba wa Kiswahili ama baba wa kwetu?"

Joyline alifunga macho. Kwa Kiswahili baba ni baba. Kwa Ekegusii, lugha ya kwao, baba ni mama, na mzazi wa kiume ndiye tata. Nehemiah alikuwa ameandika Kiswahili akimaanisha Kigusii. Kama aliteleza au alikusudia, siwezi kumuapia, ila alijua vizuri kati ya wazazi wale wawili ni nani angekubali kwa simu moja.

"Kumbe," mzee alisema. "Huyu mama yako amekuwa akifua mapazia tangu jana. Nikiuliza ananiambia ni Sabato."

Mama Jacinta akanyakua simu.

"Joyline, kijana ameomba kwa adabu. Wenzako wote wako kwa waume zao. Lavender wa jirani juzi amezaa mtoto wa pili. Wewe unangoja nini?"

"Mama, amekuambia kwa nini ni Jumapili hii?"

"Amesema hawezi kungoja tena."

"Ni kweli. Jumatatu ikifika atakuwa amechelewa."

"Sijui hayo ya Jumatatu. Nimeshaalika majirani."

Alimpigia Nehemiah papo hapo. Alishika upesi, sauti tamu.

"Mchumba wangu."

"Umepata barua ya Profesa ya kikao cha Jumatatu, si ndiyo? Na wewe unaijua ile kanuni."

Utamu ukaitoka sauti.

"Joy, si ulitaka nije? Kila siku ulikuwa unalia nije. Sasa nakuja, unalia tena."

"Unakuja kufuta alama."

"Nakuja kuoa. Alama zikifutika njiani, ubaya uko wapi? Mimi napata utafiti wangu, wewe unapata bwana. Nani anaumia?"

"Sheila."

"Sheila ni mtoto, ataanza upya. Mimi nikianguka hakuna wa kuniinua. Huko kwetu walinisomesha kwa harambee ya kijiji kizima. Unataka nirudi niwaambie nini, kwamba sungura aliniponyoka?"

"Ndiyo. Uwaambie hivyo."

"Sikiliza. Mbele ya wazee hutanikana. Nakujua, umelelewa vizuri."

"Usije, Nehemiah."

"Tutaonana Jumapili."

Wakaja. Mzee Mogire, mjomba wake Nehemiah, ndiye aliyetangulia kama msemaji, kofia mkononi, na nyuma yake akina mama wa Nyamira na vikapu vyao. Nehemiah alivaa suti ya kijivu ambayo Joyline mwenyewe alimchagulia. Alikuwa amependeza, na Joyline alichukia kuona kwamba amependeza.

Nehemiah alimwona kando ya nyumba akamsogelea.

"Umeamua nini?"

"Nilikuambia usije."

"Mama yako amenikumbatia. Nenda ukamwambie yeye nirudi."

Sebule ilijaa. Mzee Onyiego aliketi kimya mahali pake, na wageni hawakujua kama ukimya ule ni heshima au ni hasira. Mimi nakuambia ilikuwa hasira. Hakuna baba anayependa kualikwa nyumbani kwake mwenyewe.

"Kijana wetu anasema hapa anajulikana," Mzee Mogire alianza kwa madaha. "Tumekuja kuhakikisha kama hakutudanganya."

"Tumuulize mwenye habari," Mzee Onyiego alisema. "Bonareri, njoo. Huyu kijana unamjua? Tumpokee?"

Joyline alisimama karibu na mlango, macho chini. Alikuwa amejiandaa tangu Ijumaa, lakini alipoinua macho akakutana na ya Nehemiah, na maneno yote yakamkauka. Angesema ndiyo, angekuwa na mume aliyemtaka, na kesho kamati ingetupa kila alichosema. Angesema hapana, angempoteza hapo hapo, na mama yake asingemsamehe.

Mzee Mogire alicheka, akapiga goti lake.

"Amenyamaza. Msichana mwenye malezi akinyamaza amekubali. Mama, leta chakula."

Mama Jacinta alikuwa ameshainuka nusu. Wanawake walikuwa wanavuta pumzi wapige vigelegele.

"Ngojeni," Mzee Onyiego alisema. "Nimemuuliza yeye."

"Namjua," Joyline alisema. "Na nampenda, tata. Unisamehe kulisema mbele yako."

Wazee waligeuza macho, wengine dirishani, wengine darini. Kuna heshima ambayo Abagusii huiita chinsoni, na katika heshima hiyo mtoto hamwambii baba yake mambo ya kupenda, hata kwa kuzungukazunguka. Mama Jacinta alijifunika uso kwa leso.

"Niko na swali moja kwake," Joyline aliendelea. "Akilijibu kwa kweli, nakubali. Leo hii, mbele yenu wote."

"Uliza, mokamwana," Mzee Mogire alisema, akimwita tayari mke wa kwao. "Uliza usiogope."

"Nani alimshika yule sungura?"

"Sungura?" Mogire aliwageukia wenzake. "Tumetoka Nyamira kuja kuulizwa habari za sungura?"

"Sungura wa maabara, mzee. Alivunjwa mgongo, na msichana mmoja akafukuzwa masomoni kwa sababu yake. Msichana huyo sasa anauza ndizi Keumbu. Nehemiah anasema yeye hakuwepo. Namuuliza kama alikuwepo."

"Joy, si hapa," Nehemiah alisema.

"Ni hapa ulipotaka tuonane."

"Haya ni mambo ya kazi. Wazee hawaelewi mambo ya kazi."

"Si lazima waelewe. Nataka jina tu. Ni lako ama ni la Sheila?"

"Unanifanyia hivi mbele ya watu wangu?"

"Jina, Nehemiah."

Alifungua mdomo. Akamtazama mjomba wake, akawatazama wale akina mama na vikapu vyao, ambao baadhi yao walichanga ili asome. Akaufunga. Joyline alimngoja, na nakuapia hajawahi kumuombea mtu kama alivyomuombea Nehemiah dakika ile. Akisema tu, yeye atakubali, atahama naye, atakula naye ugali bila mboga, kamati ifanye itakavyo. Lakini Nehemiah aliangalia viatu vyake, na viatu havikumjibia.

Mzee Onyiego alimpa nafasi ya kutosha. Kisha akamgeukia mgeni wake.

"Mzee Mogire, kijana wako amenyamaza."

"Naona," Mogire alisema kwa sauti ndogo.

"Na wewe umetuambia hapa sasa hivi, mwenye malezi akinyamaza amekubali."

Hakuna aliyecheka. Mogire alikaa akiizungusha kofia yake kwa vidole, kisha akaivaa ndani ya nyumba, jambo ambalo mzee wa umri wake hafanyi ila akili ikiwa imeshatoka nje.

"Simama," alimwambia mpwa wake. "Twende nyumbani."

Nehemiah alimkuta Joyline langoni.

"Umeridhika sasa?"

"Sijaridhika. Nilitaka useme ni wewe. Ungesema, ningekuwa mke wako saa hii."

"Uongo."

"Ungejaribu ujue."

Aliondoka bila kugeuka. Mama Jacinta alishinda jikoni akivigonga vyombo, na alipoulizwa chakula kile chote kiende wapi alisema apewe mbwa, apewe sungura, yeye asiulizwe. Mzee Onyiego alijipakulia mwenyewe. Akampakulia na binti yake, akamsogezea sahani bila neno, na Joyline akala huku akilia mpaka akamaliza.

Jumatatu kamati iliketi. Sheila alikuja kutoka Keumbu na gauni la kanisani, akachagua kiti cha mbali na Joyline, na salamu yake hakuitikia. Nehemiah alikuwa upande wa pili, tai imekaza shingo. Profesa Momanyi alifungua kikao na kuanza na lile swali ambalo kanuni inataka liulizwe kabla ya mengine yote.

"Daktari Bonareri, kuna uhusiano wowote kati yako na Daktari Mokua?"

Nehemiah aliinua kichwa akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu aanze mafunzo yale, macho yake yalikuwa yanamwomba aseme uko.

"Hakuna," Joyline alisema.